Nani Anahesabu Watumishi wa Zahanati Yetu?

Safu hii imepokea barua nyingi kuhusu huduma za afya na ustawi wa jamii vijijini, na nilipozipanga mezani niliona kwamba karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: jengo lipo, bango lipo, watu wa kutoa huduma hawapo, na hakuna anayeeleza ni nani mwenye jukumu la kuliona hilo na kulirekebisha. Nimechagua barua nne. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii katika serikali za mitaa Tanzania Bara hadi nilipostaafu, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyajifunza nikiwa ndani ya ofisi hizo. Barua ya mwisho inagusa kazi yangu mwenyewe, ndiyo maana nimeijibu kwa urefu.

Shikamoo mama. Kijijini kwetu tulichanga mawe, mchanga na nguvu zetu hadi zahanati ikafika kwenye lenta, serikali ikaleta fedha za kumalizia, ikazinduliwa. Huu ni mwaka wa tatu, na ina muuguzi mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Muuguzi akiitwa semina au akienda wilayani kufuata chanjo, tunakuta kufuli. Mwezi uliopita mke wa jirani yangu alijifungulia barazani, mhudumu akiwa anahangaika kumpigia muuguzi simu isiyopatikana. Mtendaji wa kijiji anasema suala liko wilayani, wilayani wanasema liko Dodoma. Tumuulize nani? — Msomaji, mkoa wa Morogoro

Marahaba, mwanangu. Mpe jirani yako pole zangu, nami naomba mama na mtoto wawe salama.

Nianze na neno ambalo kila mwanakijiji anapaswa kulijua kama anavyojua jina la diwani wake, nalo ni ikama. Ikama ni idadi ya watumishi ambayo serikali yenyewe imeamua kwamba kituo cha aina fulani kiwe nayo, kada kwa kada. Mwongozo wa ikama wa mwaka 2014 hadi 2019 uliiwekea zahanati watumishi 15 kuwa kiwango cha chini na 20 kuwa kiwango cha juu. Kituo cha afya kiliwekewa 39 hadi 52, na hospitali ya wilaya 200 hadi 337. Zahanati yenu ya watumishi wawili iko mbali sana na hesabu hiyo, wala haiko peke yake. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM, uanze mwaka 2007 ukiwa na lengo la zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, majengo yameongezeka kwa kasi ambayo ajira haikuweza kuifuata. Ukuta hukamilika kwa msimu mmoja wa kiangazi, lakini tabibu husomeshwa miaka mitatu, kisha husubiri kibali cha ajira, na akishaajiriwa mshahara wake lazima utengwe kila mwezi hadi siku ya kustaafu kwake.

Sasa, mtu akiuliza "watumishi wako wapi?" huwa ameuliza maswali matatu kwa mara moja, na ofisi hupata nafasi ya kumrusha huku na huko kwa sababu hakuyatenganisha. Swali la kwanza linahusu nafasi ambazo hazijawahi kujazwa na mtu yeyote. Hapo ni kweli kwamba jambo liko Dodoma: kibali cha ajira hutoka Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi wa umma, mshahara hutoka Hazina, na anayewapangia watumishi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ni wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Wizara ya Afya hutunga sera na miongozo na kusimamia ubora, na tangu mwishoni mwa mwaka 2017 ndiyo inayoziendesha hospitali za rufaa za mikoa, lakini zahanati yenu haiko mikononi mwake moja kwa moja. Hata hivyo, mkurugenzi wa halmashauri hawezi kujificha nyuma ya Dodoma, kwa kuwa kila mwaka yeye ndiye anayewasilisha maombi ya ikama na bajeti ya mishahara. Mwulizeni aliomba watumishi wangapi wa afya mwaka huu, aliomba wangapi mwaka jana, na zahanati yenu ilitajwa au haikutajwa.

Swali la pili linahusu mgawanyo, na hapa neno "liko Dodoma" halina ukweli wowote. Watumishi wakishafika wilayani, nani aende wapi ni uamuzi wa mkurugenzi na mganga mkuu wa halmashauri. Nimeona halmashauri ambayo kituo chake cha makao makuu kilikuwa na wauguzi wanaopokezana zamu bila shida, huku zahanati tatu za bondeni zikiwa na muuguzi mmoja kila moja. Sababu zilikuwa za kibinadamu: huyu amemfuata mume, yule ana mtoto anayeumwa, mwingine alifika kijijini akakuta nyumba ya mtumishi haina paa akarudi na basi lilelile. Siwalaumu wauguzi hao hata kidogo, kwa kuwa mtu hawezi kulala nje ili awahudumie wengine. Lakini uhamisho ukiruhusiwa bila mbadala kupelekwa, aliyesaini barua ya uhamisho ndiye aliyeifunga zahanati, na hilo baraza la madiwani lina haki kamili ya kumhoji.

Swali la tatu linahusu aliyeajiriwa, akapangiwa kijijini kwenu, analipwa, lakini haonekani. Anaweza kuwa masomoni kwa ruhusa halali, likizo ya uzazi, semina, au hayupo tu. Ushahidi wake ni daftari la mahudhurio, lile daftari kubwa ambalo kila mtumishi husaini saa ya kuingia na ya kutoka, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hupaswa kulifunga kwa mstari kila asubuhi. Ukikuta sahihi za wiki nzima zimeandikwa kwa kalamu moja na kwa mwandiko wa pumzi moja, umeshapata jibu lako. Nchi yetu inakumbuka uhakiki mkubwa wa watumishi wa mwaka 2016 na 2017, ambapo mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma taarifa yenye watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Baadhi yao walikuwa watumishi wa afya. Mimi naamini uhakiki ule ulikuwa wa haki katika msingi wake, kwani hakuna mgonjwa anayestahili kutibiwa na mtu asiyesomea tiba. Ila naamini pia kwamba serikali inayomwondoa mtu kwenye zahanati ya watumishi watatu ina deni la kumleta mwingine haraka, na katika vijiji nilivyovijua mimi deni hilo lilichelewa mno kulipwa.

Ninachokushauri ni kuandika, kwa sababu maneno ya mdomo hayaachi alama. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Serikali ya kijiji iandike barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mganga mkuu wa halmashauri na kwa diwani, ikiomba mambo manne tu: ikama ya zahanati yenu, idadi ya walioajiriwa kwa ajili yake, majina ya wanaolipwa mshahara kama watumishi wake, na mpango wa kuleta mtumishi wa muda pindi muuguzi anapoitwa nje ya kituo. Jambo hilo la nne halihitaji kibali cha ajira wala fedha mpya. Linahitaji mganga mkuu apange zamu wiki moja mapema, na laiti lingepangwa mwezi uliopita, jirani yako asingejifungulia barazani.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati kwa mwaka wa pili sasa. Tunaitwa, tunasomewa muhtasari, tunasaini, tunapewa soda na nauli, tunaondoka. Sijui kama tuna mamlaka yoyote juu ya watumishi au tupo kwa ajili ya sahihi tu. Nisaidie. — Mjumbe, Tabora

Ndugu mjumbe, mna mamlaka makubwa kuliko mnavyoambiwa, ila si yale ambayo wengi huyatamani. Kamati haiwezi kumwajiri wala kumfukuza mtumishi wa umma, kwa sababu hilo lina vyombo vyake. Uwezo wenu uko kwenye fedha, kwenye mpango na kwenye taarifa, na kwa hayo matatu mnaweza kuibadilisha zahanati.

Zamani fedha za uendeshaji za zahanati zilikaa kwenye akaunti ya halmashauri, na mganga mfawidhi aliyehitaji dawa au mafuta ya jokofu la chanjo aliomba, akasubiri, akaomba tena. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 ulianza utaratibu wa kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, moja kwa moja kwenye akaunti ya kila kituo, pamoja na mfumo wa kompyuta wa kihasibu wa kuzifuatilia. Tangu hapo kamati imekuwa ndiyo jicho la kwanza la serikali na la wananchi kwa pamoja. Mpango wa mwaka wa kituo hupita kwenu kabla haujaingia kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, na matumizi hujadiliwa nanyi. Kwa hiyo mnapokabidhiwa mpango, msianze na jumla iliyo chini ya ukurasa. Tafuteni mstari unaohusu watumishi: je, upo mlinzi anayelipwa, yupo mhudumu wa usafi, imetengwa fedha ya kukarabati nyumba ya muuguzi? Zipo halmashauri zilizotumia mapato yao ya ndani kuajiri watumishi wa afya kwa mkataba wakati zikisubiri kibali cha ajira ya kudumu, na kamati inayoliandika ombi hilo kila mwaka humpa mkurugenzi wake sababu ya kulifikiria.

Kuhusu muhtasari, naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wajumbe wengi wanapojiangusha. Katibu wa kamati ni mganga mfawidhi mwenyewe. Anayesimamiwa ndiye anayeandika kumbukumbu za wanaomsimamia, na hata akiwa mwaminifu kama dhahabu, ni vigumu kwake kuandika kwamba yeye hakuwepo kazini siku tisa. Nimewahi kukabidhiwa faili la kamati moja lenye mihtasari ya miaka miwili, na kila muhtasari ulikuwa na ajenda zilezile tano, aya zilezile, hata kosa lilelile la tahajia kwenye neno "mahudhurio". Tarehe pekee ndiyo iliyokuwa imebadilishwa. Wajumbe walikuwa wamesaini yote. Nilipozungumza nao niligundua kwamba vikao vilifanyika kweli na watu walisema mambo mazito: dawa kuisha katikati ya mwezi, muuguzi kuzidiwa, mizani ya watoto kukatika kamba. Hakuna hata moja lililofika kwenye karatasi.

Hilo lina uzito kwa sababu karatasi hiyo ndiyo inayosafiri. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri huisoma. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua halmashauri zote na kuwasilisha ripoti yake kwa Rais ifikapo mwisho wa mwezi Machi kila mwaka, kisha ripoti hupelekwa bungeni, ambako Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujieleza. Ripoti hizo zimetaja mara kwa mara upungufu wa watumishi wa afya na majengo ya afya yasiyotumika, na hupatikana kwa Kiswahili kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Lakini mkaguzi hawezi kulala kijijini kwenu mwezi mzima akihesabu siku za kufuli. Anategemea kukuta mtu mwingine amezihesabu na kuziandika.

Kwa hiyo katika kikao kijacho ombeni mambo mawili. Daftari la mahudhurio liletwe mezani kila kikao, na idadi ya siku ambazo kituo kilifungwa au kilibaki bila mtaalamu iandikwe kwenye muhtasari kwa tarakimu. Msisaini kabla ya kuusoma wote, na mmoja wenu abaki na nakala. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti wa kamati asimame hapo na kuisoma tarakimu hiyo mbele ya watu. Niongeze kwamba mganga mfawidhi mwenye nia njema atalifurahia jambo hili, kwa maana yeye ndiye anayebeba kazi ya watu kumi na watano akiwa na watu wawili, na mara nyingi hana pengine pa kulisemea.

Sisi tuko Kenya, pwani. Wauguzi wakigoma au zahanati ikikosa daktari, gavana anasema serikali kuu haijatuma pesa, na serikali kuu inasema afya ni kazi ya kaunti. Ukweli ni upi? — Msomaji, Kilifi

Ukweli umo katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na serikali za kaunti zilianza kuutekeleza mwaka 2013. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni jukumu la kaunti, pamoja na ambulensi na afya ya msingi. Serikali ya kitaifa imebaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Wauguzi na madaktari wa zahanati na hospitali zenu huajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na wa kwanza kumhoji gavana ni bunge la kaunti, yaani yule mwakilishi wa wadi mliyemchagua. Seneti nayo hufuatilia jinsi kaunti zinavyotumia fedha zinazotoka Nairobi. Malalamiko ya magavana kuhusu fedha kuchelewa yana msingi, na mgomo wa madaktari wa siku 100 ulioanza mwezi Desemba 2016 ulionyesha jinsi mgonjwa anavyoumia pale serikali mbili zinapotupiana mzigo. Lakini fedha zilizochelewa hazimzuii gavana kuonyesha orodha ya wauguzi wake na mahali walipo. Hiyo iombeni kwa mwakilishi wa wadi, na mwombe aisome ndani ya bunge la kaunti ili iingie kwenye kumbukumbu. Vivyo hivyo kwa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa mwezi Septemba 2023: posho yao huchangiwa na serikali zote mbili, hivyo anayesema hajalipwa awaulize wote wawili kwa barua moja.

Shikamoo mama. Jirani yetu ni bibi mwenye umri unaozidi miaka 80. Anaishi na wajukuu wawili, mmoja darasa la nne na mwingine hajaanza shule. Macho yake yameisha, anapika kwa kupapasa, na mwezi wa nne aliungua mkono. Nilikwenda kwenye ofisi ya kata kumtafuta afisa ustawi wa jamii nikaambiwa kata haina, yupo mmoja wilayani na yuko mahakamani. Nikaelekezwa kwa afisa maendeleo ya jamii, akaniambia hiyo si kazi yake. Je, ni kweli serikali haina mtu wa kumwangalia bibi kama huyu? — Dada mwenye uchungu, Mkoa wa Mara

Marahaba, mwanangu, na asante kwa kutopita mlangoni kwa bibi huyo bila kugeuka.

Afisa maendeleo ya jamii hakukudanganya. Watu wengi huzichanganya kada hizi mbili kwa sababu ya neno "jamii", lakini yeye hushughulika na vikundi, mikopo na uhamasishaji wa maendeleo, wakati afisa ustawi wa jamii amesomea kumhudumia mtu mmoja mmoja aliye hatarini: mtoto anayepigwa, mzee asiye na mwangalizi, mtu mwenye ulemavu aliyefichwa ndani, mgonjwa aliyetelekezwa wodini. Huyo afisa wa wilaya kuwa mahakamani pia nakuamini, kwa maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahitaji taarifa yake ya uchunguzi wa kijamii pale mtoto anapofikishwa mahakama ya watoto, na hakimu akisubiri taarifa hiyo hakuna mwingine wa kuiandika. Siku hiyohiyo hospitali humhitaji athibitishe nani hana uwezo wa kulipia matibabu, na polisi humhitaji kwenye shauri la ukatili.

Nilikuwa mtu huyo kwa miaka mingi. Wilaya niliyoanzia ilikuwa na kata zaidi ya ishirini na maafisa wawili, na pikipiki yetu moja ilisimama chini ya mwembe miezi kadhaa kwa kukosa mafuta. Nilikuwa na kaunta buku lenye mistari myekundu ambamo niliandika majina ya wazee na watoto walioripotiwa kwangu, na mbele ya kila jina tarehe ya kuwatembelea. Kurasa za mwanzo zina tarehe karibu zote, ila kurasa za mwisho zina majina peke yake. Nikiwa na buku hilo nilimkuta mzee mmoja, baba wa watu, ambaye cheti chake cha msamaha wa matibabu alikuwa amekitia kwenye mfuko wa sukari na kukichomeka juu ya kenchi ili panya wasikifikie. Alikuwa nacho tangu mwaka uliotangulia na hakuwahi kukitumia, kwa sababu siku ya kwanza alipokwenda nacho zahanati aliambiwa dawa hakuna, akadhani cheti kimekataliwa. Kama ningefika kwake miezi sita mapema, ningemweleza kwa dakika tano. Sikufika, na jicho lake la kulia halikuokoka. Ninalisema hili wazi kwa sababu upungufu wa watumishi wa ustawi wa jamii hauonekani kama kufuli la zahanati. Mtu huharibika taratibu ndani ya nyumba yake, na hakuna siku ambayo kijiji kizima hukusanyika mlangoni kupiga kelele.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kada hii kubaki nyuma. Ustawi wa jamii ulikaa muda mrefu ndani ya Wizara ya Afya, kisha mwezi Januari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipoitenganisha wizara, ukaenda Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kule halmashauri, hata hivyo, maafisa wenyewe wako chini ya TAMISEMI, katika idara inayobeba afya, ustawi wa jamii na lishe kwa pamoja. Mkuu wa idara akipewa nafasi chache za ajira, akatazama wodi ya wazazi isiyo na mkunga, ni vigumu sana kumlaumu kwa kumchagua mkunga. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni ikama ya ustawi wa jamii kuombewa na kuhesabiwa kwa mstari wake yenyewe, isiyeyushwe ndani ya jumla ya idara, ili diwani anayesoma taarifa ya robo mwaka aone kwamba kata kumi na tisa hazina afisa. Madiwani wakilisoma hilo robo baada ya robo, swali litaulizwa.

Turudi kwa bibi, kwa maana yeye hawezi kusubiri ikama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na miongozo ya afya iliyofuata inamtambua mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo kuwa mtu wa kutibiwa bila malipo. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kinachohitajika ni umri na ukaazi. Bara hatuna utaratibu wa namna hiyo kwa wazee wote, kwa hiyo bibi lazima atambuliwe na mtu ndipo asaidiwe. Utambuzi huo ndio kazi yenyewe ya afisa ustawi wa jamii, nawe utaianza kwa niaba yake.

Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji umwombe barua ya kumtambulisha bibi: jina, umri unaokadiriwa, hali ya macho, majeraha ya mkono, na majina ya wajukuu. Uliza pia kama kitongoji chenu kimepata wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwapata 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, na kumtembelea mtu kama bibi huyu nyumbani kwake ni kazi inayowahusu hasa. Barua hiyo ipeleke kwa mtendaji wa kijiji aigonge mhuri, kisha peleka nakala zahanati ili bibi apewe rufaa ya macho, kwa sababu upofu wa uzeeni mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji akaona tena. Tafadhali usikubali kuambiwa kwamba ni uzee tu kabla ya mtaalamu wa macho kumtazama.

Wajukuu wanahitaji mstari wao wenyewe kwenye barua. Sheria ya Mtoto inaipa halmashauri wajibu wa kuwatambua na kuwasaidia watoto walio katika mazingira hatarishi katika eneo lake, na mtoto wa darasa la nne anayemwongoza bibi asiyeona jikoni ni mmoja wao. Katika mkutano wa kijiji, uliza kama kaya hiyo imo katika orodha ya Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na kama haimo, omba ombi lake liandikwe kwenye muhtasari. Wapo watakaokushauri bibi apelekwe kwenye makazi ya wazee ya serikali kama Kolandoto ya Shinyanga au Nunge ya Kigamboni. Makazi hayo yana kazi yake kwa mzee asiye na ndugu hata mmoja, lakini huyu ana wajukuu wanaomtegemea naye anawategemea, na kumhamisha kungewatenganisha watu watatu ambao bado wanaweza kuishi pamoja wakipata msaada wa kawaida: kuni zilizopasuliwa, maji yaliyotekwa, na mtu mzima wa kukaa naye jikoni saa ya kupika.

Nakala ya mwisho ya barua ipeleke ofisi ya ustawi wa jamii wilayani, hata kama mlango umefungwa. Iache masijala, wakugongee mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, wakuandikie na tarehe. Afisa akirudi kutoka mahakamani ataikuta kwenye faili, na kwa barua yenye mhuri anaweza kuomba mafuta ya pikipiki, jambo ambalo kwa taarifa ya mdomo hawezi. Hesabu siku 30 tangu tarehe ya mhuri. Zikipita bila mtu kufika kwa bibi, niandikie tena kupitia safu hii, uambatanishe picha ya nakala hiyo, nami nitakueleza jinsi ya kuifikisha kwa katibu tawala wa mkoa.